Maji ya Kutema

Kama dawa inakwenda kifuani, mdomo unaoshwa kwa nini?

Swali hilo nilimuuliza muuguzi wa zahanati ya parokia siku aliponikabidhi pampu ya kahawia. Nilikuwa nimesimama dirishani kwake, na nyuma yangu ilikuwa foleni ya akina mama wenye watoto wa malaria. Alikuwa ameshanieleza kwa haraka: kuvuta mara mbili asubuhi, mara mbili jioni, kila siku hata nikijisikia mzima, halafu kusukutua kwa maji na kutema.

"Lakini dawa inaenda mu mapafu," nilimwambia. "Mudomo iko na kosa gani?"

"Mademoiselle, weye uko université?"

"Ndiyo."

"Bon. Ile swali upelekee professeur wako. Mimi niko na batoto ya homa hapa. Vuta, sukutua, tema. Mwingine!"

Foleni nzima ilicheka. Nilicheka pia, nikaweka pampu mkobani, nikaenda zangu. Wakati ule nilikuwa mtu wa kutoshika jambo lolote ambalo sijapewa sababu yake. Nyumbani walikuwa wakisema kwamba hata Baba Yetu niliisali nikiwa na maswali. Kwa hiyo la kuvuta nililishika, kwa sababu nilitaka kupumua, lakini hili la kutema nililiona kama mapambo tu ya wauguzi, kama kofia zao.

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye ameshika pampu ile leo na naye hakujibiwa. Mapafu sitayachora. Nitasema tu mambo yalivyokuwa kwangu, Kisangani, miaka ya vita.

Pumu ninayo tangu utotoni. Kabla ya vita haikuwa shida kubwa, kwa sababu papa, yaani baba yangu, alikuwa fundi wa mashine katika meli za mtoni, na kila safari alirudi kutoka Kinshasa na pampu za bluu, zile za kufungua kifua papo hapo. Vita vilipokata mto vipande viwili, papa alibaki upande wa chini na sisi upande wa juu. Tulikuwa watatu: mama, mdogo wangu Aline, na mimi Espérance, ambaye kila mtu anamwita Espé. Mama aliuza maandazi barabarani kila asubuhi, yale tunayoyaita mikate, na kwa maandazi hayo tulikula, tukavaa, na mimi nikaendelea na masomo siku ambazo walimu hawakugoma.

Pampu za papa zilipokwisha, mfamasia wa sokoni alinipa vidonge vidogo vyeupe vya kortizoni. Lazima niviseme vizuri, kwa sababu viliniokoa msimu mzima wa mvua. Lakini pia vilinifanyia kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka natazama chini. Vilininenepesha. Uso ulijaa ukawa wa duara kama sahani, shingo ikapotea, vinyweleo vikaota mashavuni. Na nilikuwa na njaa isiyo na adabu. Mji mzima ulikuwa unakonda. Mafuta, chumvi na sabuni vilikuwa vikija kwa ndege tu, vikatafutwa kama dhahabu, na mimi nilipita sokoni na mashavu yangu.

"Eh, muangalie mutoto ya Mama Espé!" aliniita mwuza pondu, majani ya muhogo. "Vita inamupendeza huyu! Dada, tuonyeshe ile sufuria unakulia!"

"Ni dawa, mama."

"Dawa! Basi mutuletee sisi wote ile dawa!"

Wakacheka. Aline alikuwa kando yangu, amebeba kikapu, mikono yake myembamba kama ya mtoto wa miaka kumi wakati alikuwa karibu kumaliza sekondari. Hakucheka wala hakunitetea. Alijua kwamba jana yake nilikuwa nimeinuka kutoka mezani kwetu bila kushiba, na mama akasukuma sahani yake mbele yangu, nami nikaila. Nilijiambia kwamba ni vidonge ndivyo vilivyokula. Ilikuwa kweli. Lakini mkono ulikuwa wangu.

Ndiyo maana muuguzi wa parokia aliponiambia kwamba kuna pampu ya kahawia, yenye dawa ya ukoo uleule wa vile vidonge lakini inakwenda kifuani moja kwa moja bila kuuzunguka mwili wote, niliipokea kama mtu aliyesamehewa. Alinipa na ya bluu moja, akasema niitunze kwa siku mbaya. Uso wangu ulianza kurudi. Shingo ikaonekana tena.

Lakini hii ya kahawia ilinisumbua akili. Ile ya bluu ilikuwa na tabia ya wazi: unavuta, unangoja kidogo, kifua kinafunguka kama dirisha lililokuwa limekwama. Ya kahawia ukivuta hakuna kitu. Nilifanya jaribio. Siku moja kifua kikiwa kimebana, niliacha ya bluu makusudi nikavuta ya kahawia, nikakaa kitandani kusikiliza mapafu yangu. Sikusikia badiliko lolote. Nikaandika akilini: dawa hii haifanyi kazi, au ni bandia. Miaka ile dawa bandia zilikuwa nyingi sokoni, na kutoamini lilikuwa jambo la busara. Jaribio langu lilikuwa safi. Swali lenyewe ndilo lililokuwa bovu, lakini hilo nitalifikia.

Sasa maji.

Mabomba yalikuwa yamekauka. Mtaani kwetu Kabondo tulichota kwenye chemchemi iliyo chini ya mteremko, na kupanda na dumu kichwani kulihitaji kifua nisichokuwa nacho. Kwa hiyo walichota mama na Aline. Waliondoka mapema, wakapanga foleni, na njiani walipita mahali ambapo askari walikaa kwenye viti vya plastiki wakitazama wasichana. Aline alijifunza kutembea na dumu huku akitazama vidole vyake vya miguu. Hayo yote yalifanyika wakati mimi nimelala, kwa sababu unyevu wa alfajiri haukunifaa.

Ukoo wa mama ni watu wa mto, wa Yanonge. Kwao kuna neno moja ambalo nyanya alilirudia mpaka likawa kama sheria ya nyumba: maji ya mtu hayatemwi mbele yake. Aliyekuchotea maji akikuona unayatema, umemwambia kwamba safari yake ilikuwa bure. Watoto tulichapwa kwa hilo. Hata kupiga mswaki tulikwenda nyuma ya nyumba.

Asubuhi ya kwanza ya pampu ya kahawia nilivuta, nikachukua kikombe, nikajaza mdomo. Aline alikuwa ndiyo kwanza anashusha dumu. Kitambaa cha kichwani kilikuwa kimelowa, maji yanamtiririka shingoni. Alinitazama. Sijui kama alikuwa anafikiri lolote. Nilimeza.

Nyuma ya nyumba kulikuwapo, najua. Ningeweza kwenda huko. Lakini kwanza ilikuwa aibu, halafu sababu haikuwepo, na vitu hivyo viwili vikikutana kwa mtu kama mimi, jambo linakwisha. Baada ya muda nikaacha hata kusukutua. Nilijiona nimefanya wema: nimeokoa kikombe cha maji asubuhi na kikombe jioni.

Kinywa kilianza kwa ladha. Kila chakula kilikuwa na ladha ya sarafu. Halafu sauti ikakwaruza. Halafu siku moja lituma, ndizi zetu za kupondwa ambazo hata mtoto asiye na meno anakula, ikanichoma ulimi kama pilipili. Nilikwenda mlangoni penye mwanga na kioo kidogo, nikafungua mdomo. Ulimi na mashavu kwa ndani vilikuwa na madoa meupe mazito, kama maziwa yaliyoganda. Nilikwangua moja kwa ukucha. Chini yake palikuwa pekundu, pakatoa damu.

"Mama, kuja uone."

Mama alikuja na unga mikononi. Alitazama. Kisha akaweka kiganja chake chini ya kidevu changu, akanifunga mdomo taratibu, kama mtu anayefunika chungu.

"Usionyeshe mutu," alisema.

Hakuhitaji kueleza. Katika miaka ile, Kisangani, kila mtu alijua mdomo mweupe ni wa nani. Mji ulikuwa umejaa majeshi, na wasichana wa chuo walikuwa wakisemwa hata wakiwa wazima. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na kijana, mwana wa Mama Bijou, aliyekuwa amelala ndani tangu mvua zilipoanza. Watu walisema wamemwona kinywa chake. Walisema hivyo tu, "wamemwona kinywa," na iliwatosha waliosikia.

Mama alikwenda akarudi na kichupa cha violet, dawa ile ya zambarau ambayo inapakwa vidonda. Dawa nyingine ya kuvu, alisema mfamasia, haikuwepo mjini. Kila asubuhi nilikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mama akazungusha kitambaa kwenye kidole, akachovya, akanipaka ulimi, mashavu, ufizi. Uchungu wake ulikuwa wa kushangaza. Nilitokwa na mate ya zambarau, midomo ikawa zambarau, na vitambaa vilivyofuliwa vikaanikwa kwenye kamba bila kutakata. Mama aliniamuru nisitoke nje ya kiwanja mpaka rangi iishe. Chuo kilikuwa kimefungwa na mgomo, kwa hiyo sikukosa masomo. Nilikosa watu.

Aliyekuja ni Clarisse peke yake, rafiki yangu wa darasani. Alikaa ukingoni mwa kiti. Nilimsemesha nikiwa nimefunika mdomo kwa kitenge, akajifanya haoni. Aline alimletea maji ya kunywa.

"Aa, merci, sina kiu," alisema Clarisse.

Alikuwa ametembea kutoka Makiso, juani. Jasho lilikuwa bado halijamkauka usoni.

Alipoondoka nilimfuata mama jikoni. "Mama, banafikiri niko na sida?"

"Banafikiri mingi."

"Na weye?"

Mama alikuwa anapuliza moto. Alipuliza muda mrefu kuliko moto ule ulivyohitaji. "Mimi ninafikiri hujakula," alisema. "Fungua mudomo nione kama leo utaweza ndizi."

Nilitaka kipimo cha ukimwi. Nilikuwa na hakika na maisha yangu, lakini hakika si ushahidi, hilo ndilo nililokuwa nikiwaambia wengine. Hospitali hazikuwa na dawa ya kupimia. Basi nikatumia chombo nilichokuwa nacho, yaani mantiki. Nilipanga matukio: mdomo ulikuwa mzima kabla ya pampu ya kahawia, umeharibika baada ya pampu ya kahawia, pampu ya kahawia haifungui kifua. Hitimisho likaja lenyewe. Niliitupa pampu ndani ya sanduku la nguo, nikaendelea na violet.

Na mdomo ukapona! Madoa yakapungua, sauti ikarudi, nikala lituma na pilipili juu yake. Sijui kama kuna raha inayozidi ya mtu mwenye shaka anapoona shaka yake imethibitishwa.

"Unaona mama? Ilikuwa ile pompe."

"Na kifua?"

"Kifua iko muzuri."

Kifua kilikuwa kizuri kweli, kwa majuma kadhaa. Halafu nikaanza kuamka na kikohozi kikavu. Halafu nikawa nasimama katikati ya ngazi za kanisa nikijidai natazama watu. Halafu nikawa navuta ile ya bluu asubuhi, halafu asubuhi na jioni, halafu bila kuangalia saa. Hakuna siku moja ambayo ningeweza kuinyooshea kidole nikasema hapa ndipo mambo yalipoharibika. Hali iliteremka kama maji ya mto wakati wa kiangazi, unaona mchanga tu umeongezeka.

Kiangazi kilikuja na vumbi lake, na ndani yake majeshi mawili ya wageni yakaanza kupigana katikati ya mji wetu. Wa Kisangani wanajua siku hizo, na wasio wa Kisangani sitawaeleza hapa. Nitasema tu kwamba tulilala chini ya meza, magodoro yameegeshwa dirishani, na kila kombora lililoanguka lilishusha vumbi kutoka kwenye dari, na vumbi lile nililivuta.

Shambulio langu lilianza kwa kubanwa kidogo. Nilitikisa pampu ya bluu, nikavuta. Ikatoa hewa tupu. Niliitikisa tena, nikasikia jinsi ilivyo nyepesi. Mtu wa pumu anaijua ile sauti ya pampu iliyokwisha, haifanani na nyingine. Aline alikuwa ananitazama. Alitambaa mpaka kwenye sanduku la nguo, akaleta ile ya kahawia. Nilivuta, mara nyingi, na kama nilivyothibitisha mwenyewe katika jaribio langu, haikufungua kitu.

Mama aliniketisha, akakaa nyuma yangu, mgongo wangu kifuani kwake. "Fuata ya mimi," alisema. Alivuta pumzi, akaitoa polepole, akavuta. Nilijaribu kufuata pumzi za mama yangu. Mbavu zake ziliinuka mgongoni mwangu na za kwangu zikakataa. Midomo, Aline aliniambia baadaye, iligeuka rangi ya majivu. Mimi nakumbuka wazo moja tu, tena la kijinga: kwamba nikifa hapa, watu watasema ni ule ugonjwa mwingine, na mama atabaki na neno hilo.

Kulipotulia kidogo asubuhi, mama alitoka barabarani. Alimkuta mwendeshaji wa toleka, baiskeli za kubeba abiria, amejibanza kwenye ukuta na baiskeli yake.

"Mama, banapiga huko!" nilisikia akisema.

"Banapiga kila pahali. Unataka bakukute umelala ama unafanya kazi? Simamisha baiskeli, nimuweke mutoto."

"Na kama banatupiga?"

"Basi utakufa na heshima ya kubeba mugonjwa. Pedala!"

Alikanyaga pedali. Mama alikimbia nyuma akinishika mgongo ili nisianguke. Aline alibaki kwa Mama Bijou, kwa sababu baiskeli haikuweza watu watatu. Nilimwacha mdogo wangu chini ya makombora, kwenye nyumba ambayo ndani yake kulikuwa na kijana aliyekuwa anakufa. Na hilo nililiwaza nikiwa tayari hospitalini, si kabla.

Ukumbi wa hospitali ulikuwa umejaa watu wa damu. Walilala sakafuni kwa mistari. Mimi niliingia mzima, bila jeraha. Nilitamani kuwa na hata tone la damu mahali fulani ili nieleweke. Mwanamke mmoja aliyefungwa mguu kwa vipande vya shuka alinitazama jinsi nilivyokuwa nikivuta kwa mabega, akajikokota kutoka ukutani alikokuwa ameegemea.

"Kaa hapa," alisema. "Mimi ninaweza kulala. Weye huwezi."

Nilichukua ukuta wake. Nilichukua na sindano iliyoingia polepole mshipani ikaufanya moyo wangu ukimbie kama mwizi, na sindano nyingine ya kortizoni. Kila chupa iliyoletwa kwangu niliifuata kwa macho kutoka mkononi mwa daktari, nikijiuliza ilikuwa iende kwa nani. Mwanamke yule alinipepea kwa kipande cha boksi wakati alipokuwa akishindwa kulala kwa maumivu. Baadaye walimhamisha, na sikujua jina lake.

Bunduki ziliponyamaza, daktari alipata muda wa kusimama mbele yangu. Alikuwa mtu wa makamo, macho mekundu, koti limekauka damu ya wengine. Mdomo wangu ulikuwa umeanza tena kuwa mweupe, kwa sababu ya sindano zile. Alitazama, akauliza nilikuwa natumia nini nyumbani. Nilimweleza yote: pampu, madoa, violet, mantiki yangu, ushindi wangu.

"Donc uliacha ya kahawia."

"Haikufungua kitu, docteur. Nilijaribu."

"Haifungui," alisema. "Ya bluu inalegeza mirija iliyojibana, sasa hivi. Ya kahawia inatuliza uvimbe ndani ya mirija ili isijibane kesho. Kazi yake ni siku ambazo huoni kitu. Ukiona hakuna kitu, ndiyo inafanya."

Nikauliza lile swali la zamani, la mdomo.

Alifungua kinywa chake mwenyewe, akaonyesha koo kwa kidole. Alisema sehemu kubwa ya kila mvuto haifiki kifuani, inabaki hapa. Dawa ile inatuliza, hiyo ndiyo kazi yake, na mdomoni inawatuliza pia walinzi wa mwili. Kuvu iko mdomoni mwa watu wengi siku zote, kidogo, walinzi wanaizuia. Walinzi wakisinzia inaota. Maji yanaondoa kile kilichobaki.

"Hukusukutua?"

"Nilimeza. Halafu nikaacha."

"Juu ya nini?"

"Maji ilikuwa ya mama. Alikuwa anachota mbali."

Alianza kucheka, akamwona mama aliyekuwa ameketi kando ya miguu yangu, akaacha. Alinipa dawa ya maji ya manjano ya kuvu, nistatini, ambayo mtu mmoja alikuwa ameiacha. Inashikamana na ngozi ya kuvu na kuitoboa mpaka ile kuvu inavuja na kufa, alisema, na lazima ishinde mdomoni kwa muda ndiyo ifanye kazi. "Hii zungusha mudomoni, kisha umeze," aliongeza. "Maji ya pompe ndiyo utatema. Usichanganye."

Niliuliza pia juu ya sida, kwa sauti ya chini. Hakunibembeleza. Alisema mdomo kama wangu unaweza kutoka kwenye pampu na unaweza kutoka huko, macho hayatoshi kutenganisha, na dawa ya kupimia ikirudi nije. Ilirudi baada ya muda mrefu, nikaenda. Sikuwa nayo. Nilitoka nje ya chumba kile karibu nikikimbia, nikafika mtaani, nikakuta Mama Bijou amekaa mlangoni mwa nyumba ambayo mwanawe hayumo tena. Nilipunguza hatua. Sikujua nifanye nini na uso wangu.

Tuliporudi nyumbani kutoka hospitali, Aline alikuwa mzima, amekaa kizingitini na dumu tupu kati ya miguu. Asubuhi iliyofuata nilivuta ya kahawia, nikajaza mdomo maji, nikaanza kwenda nyuma ya nyumba. Mama aliniita nirudi. Mbele ya mlango, palipokuwa na miche yetu ya ngai-ngai, mboga ile chachu, aliinama akafukua udongo kidogo kwa vidole kuzunguka shina moja.

"Tema hapa," alisema. "Mbele ya mimi. Nione."

Nilitema. Aline alisimama hapo naye, akatazama udongo ukinywa. "Yaya," aliniita, kama tunavyowaita dada wakubwa, "yaani yote ile ilikuwa juu ya ile tone?"

Ninayemwandikia, wewe uliye na pampu, nakuomba hayo tu. Sukutua na uteme. Usiache ile isiyoonekana. Na ukiwa na swali, baki pale dirishani mpaka foleni ichoke kukucheka.

Mimi niliamini kwamba nimejua yote yaliyonipata. Vita viliisha, mto ukafunguka, papa akarudi amezeeka, nikamaliza masomo. Miaka mingi ikapita. Tukiwa tunaandaa arusi ya Aline, nilikaa na Mama Bijou tukimenya ndizi, naye akawa anawasifu akina mama wa zamani. Ndipo akaniambia, akidhani ninajua, mambo ya majuma yale ya violet. Wanawake wa chemchemi walikuwa wameona vitambaa kwenye kamba yetu, wakamuuliza mama ni mtoto gani anayepakwa. Mama akajibu kwamba ni yeye mwenyewe. Hawakumwamini. Kwa hiyo kila asubuhi, akishamaliza kunipaka mimi, mama yangu alipaka violet midomo yake mwenyewe, rangi ambayo mimi nilidhani imemrukia tu akinipaka, akabeba beseni lake la mikate, akaenda kukaa barabarani mahali pake pa siku zote, ambapo hakuna mtu aliyenunua.